ISTILAHI ZA UUGUZI WA WATOTO: HISTORIA YAKE NA FUNZO LA NGARA NA BIHARAMULO

1. Utangulizi

Istilahi za tiba aghalabu hupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni usahihi wake katika sayansi. Ya pili ni ulinganifu wake na sarufi ya Kiswahili. Iko mizani ya tatu ambayo husahauliwa mara nyingi, nayo ni namna neno linavyopokelewa na yule anayeambiwa. Katika uuguzi wa watu wazima anayeambiwa ni mgonjwa mwenyewe. Katika uuguzi wa watoto ni mama, au bibi, au shangazi aliyemleta mtoto. Mtoto hana la kusema; muuguzi hutegemea maneno ya mama ili aelewe ugonjwa, na mama hutegemea maneno ya muuguzi ili ajue la kufanya arudipo nyumbani.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi msamiati wa uuguzi wa watoto ulivyojengeka nchini mwetu, kwa kuziangalia hasa wilaya za Ngara na Biharamulo katika Mkoa wa Kagera, mahali ambapo Kiswahili hukutana kila siku na lugha nyingine za Kibantu. Hoja yetu ni kwamba istilahi njema ya fani hii ni ile inayomwonyesha mama la kufanya bila ya kumtia hatiani. Hoja hiyo itapimwa zaidi katika sehemu ya kasoro za moyo za kuzaliwa nazo, kwa kuwa hapo ndipo makosa ya maneno yanapoweza kuleta madhara makubwa.

2. Mahali na lugha zake

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Wenyeji wake wengi ni Wahangaza wa nchi ya zamani ya Bugufi na Washubi wa Busubi. Biharamulo, iliyo mashariki yake, ina mchanganyiko zaidi: Kishubi, Kizinza na Kisukuma husikika huko pamoja na lugha nyingine. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi baada ya vita vya mwaka 1978 na 1979, ulipopewa jina la mto Kagera.

Kiswahili kilifika huku kikiwa lugha ya boma, ya shule, ya misheni na ya soko. Boma la Wajerumani lililojengwa Biharamulo ni ushahidi wa njia hiyo. Hospitali nazo zilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya makanisa: Murgwanza kwa upande wa Waanglikana, Rulenge na Biharamulo kwa upande wa Wakatoliki. Kwa hiyo, kwa watu wengi wa wilaya hizi, Kiswahili ni lugha iliyopokewa baada ya lugha ya mama, na lugha ya hospitali ni Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza cha vitabu vya wauguzi.

Hata hivyo, umbali kati ya lugha hizi si mkubwa kama unavyodhaniwa. Moyo, kwa lugha za kundi la Kirundi na Kinyarwanda, ambazo Kihangaza ni jirani yake wa karibu, huitwa umutima. Msomaji wa tenzi za zamani za pwani atalitambua neno hilo mara moja, kwani washairi wetu walisema mtima. Ugonjwa katika lugha hizo ni indwara. Nasi tunalo neno ndwele, ingawa leo limebaki zaidi katika ushairi. Ajabu zaidi ni namna neno la kumtunza mgonjwa lilivyoundwa. Kinyarwanda kina kurwara, yaani kuugua. Kutoka hapo hupatikana kurwaza, yaani kumtunza anayeugua, na umurwaza, yule anayekaa na mgonjwa. Kiswahili kimefuata njia ile ile: ugua, uguza, muuguzi. Kwa wote wawili, anayeuguza hutajwa kwa kitenzi cha kuugua, kana kwamba ugonjwa ni kazi ya watu wawili.

Neno muuguzi, basi, lina mizizi ya kale, lakini halikuwa peke yake. Wakati wa utawala wa Waingereza wananchi walimjua dresa, aliyefunga vidonda na kutoa dawa katika zahanati ndogo za vijijini. Walimjua nesi, na walimjua sista, jina ambalo katika hospitali za misheni liliweza kumaanisha mtawa na mkuu wa wodi kwa pamoja. Mkunga alikuwapo kabla ya wote hao. Maneno nesi na sista hayakutoweka hata baada ya muuguzi kukubaliwa katika maandishi rasmi. Yamebaki katika mazungumzo, na hakuna ubaya. Jambo la kuzingatia ni kwamba muuguzi lilishinda katika maandishi kwa sababu kila mtu aliyewahi kukesha na mgonjwa alikwisha kulielewa.

3. Kutoka 1967 hadi miaka ya chanjo

Mwaka 1967 ulikuwa wa maana kubwa kwa kazi hii. Serikali ilitangaza matumizi ya Kiswahili katika shughuli zake, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka huo huo. Idara, mashirika na vyuo vilianza kudai istilahi, na afya haikuwa nyuma. Msukumo mkubwa, hata hivyo, haukutoka mezani mwa kamati. Ulitoka kwa wananchi.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Walijadili malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Tazama majina hayo: isipokuwa malaria, yote yalikwisha kuwa katika vinywa vya watu. Waandishi wa kampeni hawakubuni msamiati mpya. Walichukua uliopo wakaupa maana iliyofafanuliwa. Tokea hapo safura, kwa mfano, haikuwa udhaifu usiojulikana chanzo chake, bali matokeo ya minyoo inayopenya ngozi ya mguu mtupu. Kiatu na choo vikawa sehemu ya maana ya neno.

Mwaka 1975 ulianza mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto. Magonjwa sita yalilengwa, nayo yakapata majina yanayojulikana leo na kila mama anayebeba kadi ya kliniki: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Orodha hii inastahili kuchunguzwa. Dondakoo linaeleza mahali pa ugonjwa na sura yake. Polio ni la kukopa, nalo lilikubalika kwa kuwa neno kupooza hutaja hali inayoweza kuletwa na maradhi mengi. Pepopunda ndilo lenye fumbo. Lina pepo ndani yake, na kwa kipimo cha usahihi lingefaa kukataliwa, maana ugonjwa huo huletwa na vijidudu vinavyoingia katika kidonda, au katika kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa kifaa kichafu. Halikukataliwa. Mama alielezwa kwamba sindano anayodungwa akiwa mjamzito inamkinga mtoto na pepopunda. Kinga ikaonekana kwa macho, na pepo akabaki katika herufi tu.

Lakini haifai kudhani kwamba kila neno la kale litajisahihisha hivyo. Neno degedege ni mfano wa kinyume. Asili yake inahusishwa na dege, mdudu au ndege wa usiku ambaye kwa imani ya watu wa pwani humdhuru mtoto. Tiba ya kisasa ililichukua neno hilo kuwa istilahi ya mtukutiko wa mwili wa mtoto, ambao mara nyingi huletwa na malaria kali. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliitambua homa kuwa ni ya hospitali, lakini homa hiyo hiyo ilipofikia degedege walimpeleka mtoto kwa mganga wa jadi kwanza. Tofauti ya maneno haya mawili haimo katika herufi zake. Pepopunda liliambatana na kitendo ambacho mama alikiona, yaani chanjo; degedege liliandikwa katika kamusi bila ya kuambatanishwa na kitendo cho chote.

Lishe nayo ina historia yake. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliueleza mwaka 1933 ugonjwa wa watoto wenye kuvimba miguu na kubadilika nywele, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina la lugha ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni maradhi ya mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Hivyo neno la akina mama wa Afrika likaingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Kiswahili kiliuita unyafuzi. Rwanda na Burundi huuita bwaki. Wale wanaodhani kwamba neno la kijijini haliwezi kuwa istilahi ya kimataifa wanajibiwa na mfano huu.

4. Kukua na kuendelea

Katika miaka hiyo ya 1970 kadi ya ukuaji ilienea katika kliniki za mama na mtoto. Asili yake ni kazi ya Daktari David Morley huko Nigeria, aliyebuni kadi yenye mstari wa uzito ambao mama angeweza kuutunza mwenyewe. Kwa kadi hiyo mama alijifunza kusema kwamba mtoto anapanda au ameshuka. Hapo hapo tatizo la istilahi likajitokeza, maana uzito ni sehemu moja tu ya habari.

Elimu ya watoto hutenga mambo mawili. La kwanza ni kuongezeka kwa mwili: uzito, urefu, mzingo wa kichwa. La pili ni kuongezeka kwa uwezo: kuona, kushika, kukaa, kusema, kushirikiana na wenzake. Neno ukuaji limetumika kwa yote mawili, na matokeo yake ni kwamba mtoto mnene asiyeweza kukaa akiwa na umri wa mwaka mmoja huandikwa kuwa anakua vizuri. Neno maendeleo lingefaa kwa jambo la pili, ila katika miaka ya Azimio la Arusha lilikuwa limeshikwa na vijiji, barabara na mashamba. Ilikuwa vigumu kulisikia bila ya kufikiria mpango wa taifa. Taratibu limeanza kurudi kwa mtoto. Programu jumuishi ya taifa iliyozinduliwa mwaka 2021 imeyaweka pamoja maneno matatu: malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Hiyo ni hatua njema, maadamu kila neno litabaki na kazi yake: malezi ni wanayoyafanya wazazi, makuzi ni ya mwili, na maendeleo ni ya uwezo.

Kwa hatua zenyewe, Kiswahili hakina upungufu. Mtoto hukaza shingo katika mwezi wa tatu au karibu na hapo. Hukaa bila ya kushikiliwa kati ya mwezi wa sita na wa nane. Hutambaa, kisha husimama dede. Neno dede halina mfano: linaeleza kusimama kwa mtoto ambaye bado miguu yake haijaamini ardhi. Mfasiri anayeandika kusimama kwa kutumia msaada amelitupa neno lililo sahihi zaidi kuliko lile alilolipata kitabuni. Wengi huanza kutembea kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa kumi na tano. Muuguzi wa Ngara anayemwuliza mama kama mtoto amesimama dede hana budi kujua pia jina la hatua hiyo kwa Kihangaza. Lakini swali lake lina umbo tayari, nalo linajibika.

Pamoja na utajiri huo kuna onyo. Kiswahili cha zamani kina neno kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Alihesabiwa kuwa mkosi, na zamani kuna vigego waliouawa kwa sababu ya meno yao. Kwa maneno ya leo tungesema kwamba mtoto huyo ana tofauti ndogo ya maendeleo isiyo na madhara. Neno moja lilitosha kumnyang'anya haki ya kuishi. Tumeshuhudia pia, katika miaka yetu, jinsi neno zeruzeru lilivyolazimika kuachwa na mahali pake kushikwa na mtu mwenye ualbino, baada ya mauaji yaliyotia doa Kanda ya Ziwa. Mwenye kuunda istilahi za watoto anafanya kazi karibu na hatari hiyo.

5. Aprili 1994

Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 waliyakimbia mauaji ya Rwanda wakavuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wengi wa waliovuka walikuwa watoto. Wakimbizi wa Rwanda walikaa wilayani humo, na idadi yao ikiongezeka, hadi waliporudishwa Desemba 1996. Wa kutoka Burundi walikaa zaidi.

Kwa mtaalamu wa istilahi, tukio hilo lilikuwa mtihani wa lugha pia. Katika kambi ya namna hiyo kazi za kwanza za muuguzi wa watoto ni kuchanja surua, kutibu kuhara na kupima lishe. Surua kwa Kinyarwanda ni iseru. Kwa Kirundi ni agasama. Lugha mbili ambazo wasemaji wake huelewana zilitofautiana katika jina la ugonjwa ule ule unaowaua watoto kambini. Msemaji wa Kihangaza angeweza kuongea na mama kutoka Rwanda bila ya mkalimani kwa mambo mengi, lakini kwa jina la ugonjwa kuelewana kungeweza kukatika ghafula. Hapo ukaribu wa lugha ni mtego: unamfanya msemaji aamini kwamba ameeleweka.

Funzo lake ni rahisi. Jina la ugonjwa lisiachwe peke yake; lifuatane na dalili. Anayeuliza kama mtoto ana surua anaweza kujibiwa la. Anayeuliza kama mtoto ana homa, vipele mwili mzima, macho mekundu na mafua, atajibiwa ndiyo, kwa lugha yo yote. Vivyo hivyo kwa kupungukiwa maji mwilini: utosi uliobonyea, macho yaliyoingia ndani, machozi yasiyotoka. Istilahi ni kwa ajili ya rejista. Dalili ni kwa ajili ya mama. Kamusi zetu zingefaa kuviweka vyote viwili katika kidahizo kimoja.

6. Moyo

Tumefika mahali ambapo mambo yote yaliyotangulia yanakutana. Kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wapatao 8 wana kasoro ya umbile la moyo. Moyo huundwa mapema sana, kati ya wiki ya 3 na ya 8 ya ujauzito, wakati ambapo wanawake wengine bado hawajajua kwamba wana mimba. Kabla ya kuzaliwa mapafu hayafanyi kazi ya kuvuta hewa, hivyo damu hupita katika njia mbili za mkato: kitundu kilichoko kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na mshipa unaounganisha ateri ya mapafu na aota. Mtoto akizaliwa na kulia, njia hizo huanza kujifunga. Zikibaki wazi, au ukuta wa kati wa moyo usipokamilika, damu hupita pasipostahili.

Watu wameieleza hali hiyo kwa maneno tundu la moyo. Ni maneno mepesi, nayo yameenea mpaka magazetini. Upungufu wake ni kwamba msikilizaji hudhani moyo umetoboka na damu inavuja kifuani, kwa hiyo mtoto hana siku nyingi. Ukiongezwa ukuta, picha hubadilika: tundu katika ukuta wa moyo. Nyumba yenye tundu katika ukuta wa vyumba viwili haijaanguka. Fundi anaweza kuliziba, na matundu mengine madogo hujiziba yenyewe mtoto anapokua.

Neno lenye madhara zaidi ni lile la kueleza chanzo. Katika tafsiri nyingi, ugonjwa wa kuzaliwa nao na ugonjwa wa kurithi hutumika kama visawe. Si visawe hata kidogo. Kaswende inaweza kuwa ya kuzaliwa nayo, na hakuna anayeirithi. Mtoto huambukizwa tumboni. Rubela ikimpata mama katika miezi ya kwanza ya ujauzito inaweza kuharibu macho, masikio na moyo wa mtoto. Jambo hilo lilidhihirishwa kwa upande wa macho na moyo na Daktari Norman Gregg wa Australia mwaka 1941, na ndiyo sababu mojawapo ya chanjo ya surua na rubela kuanza kutolewa pamoja nchini mwaka 2014. Kasoro nyingine za moyo hufuatana na hitilafu za kromosomu, na kwa nyingi chanzo kimoja hakijulikani. Mama anayeambiwa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa kurithi hurudi nyumbani na swali moja tu: umetoka upande gani? Katika jamii zetu swali hilo halichukui muda mrefu kupata mshitakiwa, na aghalabu mshitakiwa ni yeye. Ndoa inaweza kuvunjika kwa sababu ya tafsiri mbaya ya kivumishi kimoja.

Lawama nyingine hutangulia hata hiyo. Mtoto mwenye kasoro ya moyo hunyonya kwa kukatishakatisha, hutoka jasho kichwani anaponyonya, huhema haraka, na uzito wake haupandi. Kwenye kadi ya kliniki mstari hulala. Muuguzi mwenye haraka huandika utapiamlo, neno lililobeba mlo ndani yake, na mama husomewa somo la uji wenye lishe. Amelisha, naye anajua amelisha. Muuguzi aliyefunzwa kuuliza juu ya jasho na pumzi asingemhukumu.

Kuna kasoro nyingine ambayo humgeuza mtoto rangi. Maarufu miongoni mwake ni ile yenye makosa manne kwa pamoja, iliyoelezwa kwa ukamilifu na Daktari Fallot wa Ufaransa mwaka 1888, na ambayo upasuaji wa kwanza wa kuitibu ulifanyika Baltimore, Marekani, Novemba 1944, kwa kazi ya Helen Taussig, Alfred Blalock na fundi wa maabara Vivien Thomas. Vitabu vinasema mtoto huwa wa buluu. Neno buluu ni la kukopa, na juu ya ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani kirahisi. Muuguzi atazame ulimi, midomo na kucha. Mama akisema kwamba midomo inakuwa myeusi mtoto anapolia, amejibu sawasawa, asisahihishwe rangi. Aidha, mtoto mkubwa kidogo mwenye kasoro hii hucheza na wenzake kwa muda mfupi, kisha huchutama hadi pumzi irudi. Kiswahili kinalo neno kuchutama, na kila mama analijua. Likiingizwa katika vitabu vya wauguzi pamoja na sababu yake, litakuwa na thamani ya kipimo kizima kwa zahanati isiyo na mashine.

Yapo pia maneno yanayopotoshwa na moyo wenyewe kuwa makao ya hisia. Sauti ya ziada inayosikika kwa kipimo cha kusikilizia kifua imepata kutafsiriwa mnung'uniko wa moyo. Mama atauliza mtoto wake ananung'unikia nini. Tunapendekeza mvumo wa moyo, kama tunavyosema mvumo wa maji. Vilevile kushindwa kwa moyo husikika kama tangazo la kifo, hali linataja moyo ambao bado unafanya kazi ila mzigo umeuzidi. Kuelemewa kwa moyo lingekuwa karibu zaidi na ukweli: aliyeelemewa anaweza kupunguziwa mzigo, na dawa hufanya hivyo hasa.

Mwisho ni neno rufaa. Mahakamani mtu hukata rufaa kwa kuwa hakuridhika na hukumu. Hospitalini mgonjwa hupewa rufaa ili aende mbele. Kutoka Ngara na Biharamulo njia hiyo kwa miaka mingi imeelekea Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na safari ilihitaji kivuko mpaka daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo matumaini yalikuwa nje ya nchi. Tiba sasa ipo. Kinachohitajika ni mama kuamini kwamba safari hiyo ndefu ina maana. Hataamini ikiwa neno aliloambiwa limekwisha kumfunga mtoto wake.

7. Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, tunapendekeza matumizi yafuatayo kwa wafasiri, walimu wa vyuo vya uuguzi na maofisa wanaotayarisha fomu na vijitabu:

Makuzi: kuongezeka kwa mwili, yaani uzito, urefu na mzingo wa kichwa.

Maendeleo ya mtoto: kuongezeka kwa uwezo wa mwili, akili, lugha na ushirikiano.

Kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo: hitilafu ya umbile la moyo iliyotokea wakati wa ujauzito, bila ya kutaja chanzo.

Ugonjwa wa kurithi: ule tu ambao imethibitika kwamba hupokewa kutoka kwa wazazi.

Ugonjwa wa moyo wa baadaye: ule unaompata mtu baada ya kuzaliwa, kama vile unaofuata homa ya baridi yabisi.

Tundu katika ukuta wa moyo: uwazi kati ya vyumba vya moyo.

Mvumo wa moyo: sauti ya ziada inayosikika kati ya mapigo.

Kuelemewa kwa moyo: hali ya moyo kutomudu kusukuma damu inayohitajiwa na mwili.

Neno kasoro tumelichagua kwa makusudi badala ya kilema. Kilema humganda mtu akawa ndilo jina lake. Kasoro kila mmoja wetu huitumia kusoma saa: saa tatu kasoro robo ni saa ambayo bado kidogo itimie. Ni neno la kitu kilichopungua, na kilichopungua kinaweza kuongezwa.

Istilahi hizi zisihesabiwe kuwa zimekamilika kwa kupita katika kamati. Zisomwe kwanza kwa akina mama wanaongoja zamu yao kliniki, katika Ngara, Biharamulo na wilaya nyingine ambako Kiswahili si lugha ya kwanza, kisha waulizwe wamesikia nini na wangefanya nini. Neno ambalo jibu lake ni kilio au lawama lirudishwe mezani. Wasomaji wenye uzoefu wa wodi za watoto wanaombwa kuyachunguza mapendekezo haya na kuleta maneno bora zaidi wanayoyasikia kazini.